Mtutu Mpya wa Bunduki ya Baba

Mama alipofariki, baba alihamia kwangu Kapata, mtaa wa kampuni ya shaba hapa Kolwezi, na sanduku la nguo na bunduki yake ya kuwindia. Nguo alizisukuma chini ya kitanda. Bunduki aliilaza juu ya kabati langu la vyombo, utadhani ndiyo mwenye nyumba. Shida ni kwamba risasi zake hazikuonekana tena sokoni tangu Wazungu wa kampuni walipofungasha. Nilimwambia bunduki bila risasi ni fimbo tu, tena nzito, naye akaninunia hadi Jumapili.

Kisha kampuni yenyewe ikaanza kufa. Mishahara ikawa hadithi, nyama ikawa ya Noeli. Mhandisi mmoja aliyekuwa akiondoka alimwachia baba mtutu wa bunduki nyingine, iliyovunjika kitako, pamoja na risasi zake. Risasi hizo zilikuwa nene kuliko zile za zamani. Ilibidi mtutu ukerezwe ili ushike kwenye bunduki ya baba, na mahali pa kulala risasi pachongwe upya. Kazi hiyo aliiweza jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya kampuni. Yeye alizaliwa hapahapa Kolwezi. Ni babake aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Mtutu aliutoa karakana ndani ya mguu wa suruali, akichechemea mbele ya walinzi.

"Tata fundi, mguu unapona?" nilimtania alipofika mlangoni kwake.

"Utapona, mama. Ni chuma tu."

Mambo yakaharibika hapo. Ilisemwa hadharani kwamba watu wa Kasai warudi kwao, kana kwamba Kapata si kwao. Vijana wa wenyeji walipita nyumba kwa nyumba za watu hao wakitafuta silaha, na aliyekutwa nayo hakuulizwa la pili. Nilikuwa jikoni kwa jirani, nimekwenda kuuchukua mtutu, walipoingia uani. Mke wa fundi hakunitazama hata. Aliuokota mtutu, akautia mdomoni, akaanza kupulizia makaa ya mbabula, jiko lake la mkaa. Vijana walipekua magodoro, wakamwaga unga, wakafungua hata sufuria. Yule mama alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Walipoondoka aliufuta mtutu kwa kitenge, akanipa nimpelekee baba.

"Beba kitu ya tata yako," akaniambia. "Inapulizaka muzuri."

Kesho yake fundi na jamaa yake walifukuzwa. Wakaenda kulala stesheni pamoja na wenzao, kungojea treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Baba aliukaza mtutu, au kano kama alivyouita, mahali pake. Kabla ya kuishika mwenyewe, aliifunga bunduki kwenye tairi bovu, akaifyatua kwa kamba akiwa amejificha nyuma ya kichuguu. Ililia vizuri. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, maana moyoni nilikwisha kumwona baba hana mikono. Akavuka mto Lualaba, akarudi na paa. Nikateleka sufuria motoni, mate yananijaa, naye akasema maini yasiguswe. Yapikwe, yafungwe pamoja na bukari, ugali wetu, yaende stesheni.

Nilimwuliza kama ana wazimu. Njaa ilikuwa imewashika kule, watoto walianza kuugua, na vijana walikaa njiani kuhakikisha hakuna anayewapelekea hata kijiko. Walioleta chakula walipigwa, chakula kikamwagwa mchangani. Baba alichukua sahani ya maini, akatoka. Nikajitwika bukari nikamfuata, nikinung'unika njia nzima.

"Muzee, unapeleka chakula wapi?" kijana mmoja aliuliza, rungu begani.

"Ku fundi wa bunduki yangu. Alibadirisha kano. Kwetu, nyama ya kwanza ya kano mupya, fundi njo anakulaka, ye na bibi yake na batoto yote. Bakikosa kula, bunduki itapasukia ule mwenye alibakataza."

Vijana wakatazamana. Wengi wao walikuwa wana wa wawindaji kama mimi, na mwiko wa bunduki si wa kujaribiwa.

"Na ule mama?" akanionyesha mimi.

"Ye anabeba bukari. Maini bila bukari, ni chakula gani?"

Wakatupisha. Fundi alikula huku analia. Mkewe safari hii alinitazama, akacheka, nami nikacheka naye.

Tangu siku ile, kila baba aliporudi porini alikumbuka kipande kingine cha desturi. Mara shingo ni ya bibi wa fundi, mara mguu ni wa watoto, mara mchuzi ni wa majirani wanaolala karibu naye. Vijana walizoea, wakawa wanamsalimu. Hatimaye treni ikaja. Nilimwona fundi mlangoni mwa behewa, mkewe na watoto nyuma yake, wote wazima, nikapumua kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Baadaye shangazi, dada yake baba, alikuja kututembelea kutoka kwetu kaskazini. Nikamsimulia habari za maini ya fundi. Akaacha kumenya muhogo.

"Nani alikudanganya? Kwetu, maini ni ya muwindaji. Fundi hanaka kitu."

Nilimgeukia baba. Alikuwa anaipaka bunduki yake mafuta, wala hakuinua kichwa.

"Kano ni mupya," akasema. "Desturi nayo mupya."