Baba Alipoitika Uwanjani

Hata leo, popote nilipo, spika kubwa ikiunganishwa na umeme na kutoa ule mvumo wake wa kwanza, kabla muziki haujaanza, vinyweleo vya mikono yangu husimama. Wengine huziba masikio. Mimi huacha ninachofanya nikatafuta mahali pazuri pa kusimama, na moyo hunienda mbio kana kwamba bado nina miaka kumi na mmoja. Mume wangu hunicheka. Kwa kuwa nyinyi hamjanicheka bado, naomba mnivumilie niwaeleze chanzo chake.

Tulikaa Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Baba alilima maharage na mahindi, na alikuwa shemasi katika kanisa letu dogo la udongo. Mama alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya. Mimi nami niliimba kwaya ya watoto, mstari wa mbele kwa sababu ya ufupi, lakini moyo wangu ulikuwa umehamia kwa kinyozi. Kinyozi wetu, Mrundi mmoja mpole, alikuwa na paneli ya sola, betri ya gari na spika iliyopasuka upande mmoja, na kutwa nzima alipiga nyimbo za Kibiriti.

Kibiriti alikuwa kijana wa kurap ambaye redio zote za huko zilimpenda. Alichanganya Kiswahili, Kinyankore na Kiganda katika pumzi moja, haraka haraka, na bado kila neno lilisikika. Nilikuwa natua dumu langu la maji mlangoni pa kinyozi nikijifanya napumzika, nikamsikiliza mpaka maji yapate joto. Nyumbani Mama alishangaa ni kisima gani hiki ambacho kwa wenzangu kiko karibu, na kwangu mimi kiko mbali kama Bukavu tulikokimbia. Nilizijua nyimbo zote kwa kichwa. Nilizisema nikipalilia, nikiosha sufuria, na Jumapili moja, Mungu anisamehe, nilizisema kimoyomoyo wakati wa sala ndefu ya mchungaji, midomo ikinicheza, na mama mmoja akamwambia Baba kwamba binti yake ameanza kushukiwa na Roho.

Siku redio ya kinyozi ilipotangaza kwamba Kibiriti atakuja Mbarara, Jumamosi mchana, katika kiwanja cha wazi, bure kabisa kwa hisani ya watengeneza sabuni, nililia. Nilimwendea Baba nikiwa bado nalia. Baba hakuwa mtu wa kukataa ovyo. Alikataa kwa ujanja. Aliniambia mbele ya mashemasi wenzake kwamba nikiweza kuisema kwa kichwa ile zaburi ndefu kuliko zote, ambayo hata mchungaji huisoma kwa vipande vipande, atanipeleka mwenyewe. Mashemasi wakacheka. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Kumbe Baba hakujua kwamba alinipa kazi niliyokwisha kuifanyia mazoezi. Nilichukua zaburi ile nikaiweka juu ya mdundo wa Kibiriti, nikajifunza mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuukata mstari, na Jumapili ya tatu nikasimama mbele ya kanisa nikaimwaga yote kwa kasi ambayo haijawahi kusikika katika nyumba ile ya ibada. Watu walianza kupiga makofi bila kujua wanayapiga kwa mdundo gani. Mchungaji alilia machozi. Mama, aliyeutambua mdundo, aliinamia kitabu chake cha nyimbo, na mabega yakamtikisika. Ahadi ni deni, na Baba alikuwa ameahidi mbele ya mashahidi.

Lakini alikuwa na sharti moja, na alinipa usiku wa Ijumaa kwa sauti ya chini.

"Tukifika mu muji, wee ni mutoto ya Kaberebere. Nakivale usiitaje, hata bakuulize mara kumi. Unasikia, mama?"

Kwetu baba humwita binti yake mama akitaka kumbembeleza, au akiwa na hofu. Nilijua hofu ile inatoka wapi. Baba alikuwa akimpelekea maharage mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, Haji, mwenye duka la nafaka, na tangu siku ya kwanza alikuwa amejitambulisha kwake kama mtu wa Kaberebere, mji mdogo wa wenyeji ulio njiani. Kabla ya Haji alikuwa amejaribu maduka mengine mawili, akasema kweli, na wenye maduka wakakunja nyuso wakisema maharage ya kambini hawayataki. Bila Haji, mavuno yetu yangeozea ndani ya magunia. Nikamwapia Baba kwamba sitafungua mdomo.

Tuliondoka alfajiri. Baba alivaa koti la kanisani, na mfukoni, ndani ya plastiki, alibeba karatasi ya familia yetu, ile ya ukimbizi, yenye majina yetu sote na picha. Nilimuuliza, kama sisi ni watu wa Kaberebere, karatasi ya Nakivale ya nini? Akanijibu kwamba kitu cha bure hakikosi orodha, na penye orodha hujui utaombwa nini. Niliona amesema kweli. Sisi tulikuwa hatujapata kupewa kitu chochote bila kuhesabiwa.

Tulifika kiwanjani saa tatu asubuhi. Hapakuwa na mtu ila mafundi wakipanga spika nyeusi, moja juu ya nyingine, mpaka zikawa ndefu kuliko kanisa letu. Baba hakuziangalia. Alikuwa anatafuta mwanzo wa foleni, na alipoukosa akauanzisha mwenyewe. Aliokota jiwe, akaliweka kwa heshima mbele ya geti, kama tufanyavyo kisimani na kwenye mgao wa chakula. Mtu akiweka jiwe lake kwenye mstari, nafasi ni yake, na hakuna wa kuligusa hata akienda kunyonyesha mtoto na kurudi. Askari wa getini alitusogelea akiwa na chai mkononi, akamwita Baba bwana kwa lugha ya kwao.

"Ssebo, hii jiwe ni ya nini?"

Baba akamwambia ni fasi yetu, na akauliza orodha iko kwa nani. Askari alimtazama, akanitazama mimi, akalitazama jiwe. Akasema hapana orodha, hii ni muziki tu, kuja saa nane, ingia. Baba alimshukuru sana na hakumwamini hata kidogo. Tukakaa kando ya jiwe letu mpaka saa nane. Geti lilipofunguliwa, vijana wa mji waliingia kama maji, wakiruka juu ya jiwe bila kuliona, na Baba akabaki amesimama, karatasi imetoka nusu mfukoni, anangoja kuitwa. Nilimvuta koti. Tukaingia.

Jamani, nilifikiri naujua muziki. Niliujua kwa masikio tu. Siku ile fundi alipowasha spika ukatoka ule mvumo, nauhisi mpaka leo, uliingia kwa nyayo. Nyasi zilitetemeka. Maji katika chupa ya msichana aliyesimama mbele yangu yalichora duara ndogo ndogo, na mbavu zangu zikaitikia bila kuniuliza. Kisha Kibiriti akatoka, mwembamba, mfupi kuliko nilivyomfikiria, amevaa fulana ya njano, akaanza kurap, na jambo lililoniacha kinywa wazi ni dogo: nilimsikia anavuta pumzi. Kwa kinyozi pumzi zake hazikusikika kamwe. Hapa zilisikika kiwanja kizima, hh, kati ya mstari na mstari, na zote zilikuwa pale pale nilipozivuta mimi nikiisema zaburi. Mtu mwenye mapafu kama yangu alikuwa anafanya jambo lile mbele ya macho yangu. Niliogopa na nikafurahi kwa wakati mmoja, nikaanza kusema naye kila neno, kwa sauti yote niliyopewa.

Katikati ya furaha hiyo nikasikia mtu anamsalimu Baba. Alikuwa Haji, kofia nyeupe kichwani, amewaleta watoto wake wawili. Alimuuliza Baba habari za Kaberebere. Baba akajibu nzuri tu, na akasimama wima sana. Haji akabaki pale pale kando yetu, watoto wake mbele yake.

Kibiriti alinyamazisha muziki ukabaki mdundo tu. Akaanza kuita mahali watu walikotoka, mmoja mmoja. Mbarara, muko? Kiwanja kikapasuka. Ishaka, muko? Ntungamo? Kila jina likapata watu wake, mikono ikipanda huku na kule. Kaberebere? Baba akanigusa bega, nami nikainua mkono wangu wa uongo nikaitikia, na Haji akatabasamu. Nilidhani tumemaliza. Ndipo Kibiriti akauinua mkono wake kuelekea upande tuliotoka.

"Nakivale, muko?"

Nilifunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu saa nane kuufunga. Niliangalia viatu vyangu, na pande zote kukawa kimya kama darasani mwalimu anapouliza nani amevunja dirisha. Nilijua ndani yangu kwamba namtendea Baba wema.

"Présent!"

Ilikuwa sauti ya shemasi, ile ya kuita watu kutoka mashambani, ikisema nipo kwa Kifaransa. Niligeuka. Baba alikuwa amenyoosha mkono wake wa kulia mpaka koti limempanda, na juu kabisa ameishika karatasi yetu ndani ya plastiki, kama watu wanavyofanya kambini siku ya wakimbizi kuhakikiwa, jina lao likisomwa. Kicheko kikapita kwa vijana waliokuwa karibu. Uso ulinichoma. Kisha, mbali kidogo, mwanamke aliyekuwa akiuza karanga akainua mkono. Wavulana wawili waliovaa kofia za watengeneza sabuni wakainua yao. Na kule nyuma kabisa, karibu na geti, nikaona karatasi nyingine ndani ya plastiki nyingine ikipanda juu, na nikajua hatukuwa peke yetu tuliodhani kutakuwa na orodha.

Kibiriti alicheka kicheko kizuri kisicho na dharau. Akasema Nakivale wapo, Nakivale wamefika, akalisema jina letu mara tatu juu ya mdundo, katika spika zile ndefu kuliko kanisa, na sijui niwaambieje. Jina lile nilikuwa nalisikia likisomwa kwenye vipaza sauti tangu nilipokuwa mdogo, kila mara ni la kutuhesabu. Siku ile lilichezewa ngoma. Nililia mbele ya watu, nikaruka, nikaimba wimbo wote uliofuata bila kujua kama miguu yangu inagusa chini.

Muziki ulipokwisha, jua bado liko juu, Haji alituaga kwa kumpa Baba mkono, akaondoka na watoto wake. Njia nzima ya kurudi niliwaza magunia. Mavuno yaliyofuata alikwenda dukani kwa hofu. Haji aliyapokea maharage kama siku zote, akampa kiti, akamuuliza habari za Nakivale. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Alisema hajapata kumwona mtu wa Kaberebere anayekataa chai kwa kusema merci.

Kisa hiki kikawa cha nyumbani kwetu. Wageni wakija, niliambiwa nisimulie: jiwe, askari na chai yake, na Baba aliyedhani tamasha ni siku ya kuhakikiwa. Nilimwigiza vizuri, mkono juu, présent, na Baba alicheka kuliko wote mpaka akafuta macho. Mama alisema mazoea yana taabu. Ndivyo tulivyokielewa, na miaka ikapita.

Mwaka jana wakwe zangu walikuja Rubondo kuniposa. Waliposhiba, wakaomba nisimulie, nami nikasimulia, tukacheka. Walipoondoka nilibaki na Baba tukikunja viti vya kanisa tulivyoazima. Amezeeka sasa, na viti vinampa shida. Alikunja kimoja, akakiegemea.

"Sikukoseaka siku ile, mama," akasema. "Nilijua ni muziki."

Nilidhani anatania. Nikamuuliza, sasa kwa nini akanyoosha karatasi mbele ya Haji, baada ya kuniapisha vile?

"Nilikuwa nakuangalia. Ulikuwa unaimba na kinywa yote. Kisha bakataja kwetu, ukaangalia chini. Nikajiuliza ni nani amefundisha huyu mutoto kuangalia chini. Nikaona ni mimi."

Akachukua kiti kingine akaendelea na kazi. Karatasi, akaniambia, aliishika juu kwa sababu mkono mtupu ungeonekana kama wa mtu anayepiga kelele tu, na alitaka nione kwamba ni jambo la kweli. Nilimuuliza mbona ametuacha tumcheke miaka yote hiyo. Akasema tulikuwa tunacheka vizuri.

Nimerudi katika kiwanja kile mara nyingi kichwani mwangu tangu siku hiyo, na kila mara nakiona upya. Mchana mzima ule mimi nilikuwa namtazama Kibiriti, macho yamenitoka kwa ajabu, na Baba, ambaye alikuwa na magunia ya mwaka mzima ya kupoteza, alikuwa ananitazama mimi.