Marumaru Zangu za Jikoni

Nimeumbuka, wenzangu, tena kwa majivuno yangu mwenyewe. Nilitaka jiko ambalo mama mkwe wa binti yangu, mwenyeji wa Liuli, akiliona akose la kusema.

Mbinga mjini nikachagua marumaru za kubandika ukutani nyuma ya sinki: nyeusi, zinang'aa, kila moja ina msalaba wa dhahabu. Muuzaji akanipa pole. Nikadhani anahurumia jasho langu, nikamjibu nimeshapoa.

Fundi akauliza, "Bibi, hizi kweli za jikoni?"

Nikamfokea, "Bandika! Kwani Mkristo hapiki?"

Jumapili mkwe huyo akaingia na kikapu cha usipa, dagaa wa ziwani kwao. Akatazama ukuta, akaweka kikapu chini taratibu, akafanya ishara ya msalaba.

"Mkwe wangu, humu jikoni mmemzika nani?"