Ndoana Mbili za Bibi Arletta

Arletta Larrimore alizaliwa karibu na maji, akaolewa karibu na maji, na miaka yote aliyaogopa maji kama mtu amwogopavyo nyoka aliyemwona akiingia uvunguni mwa kitanda. Pale Tilghman, kisiwa chembamba kilichojinyoosha ndani ya Ghuba ya Chesapeake, hilo lilikuwa jambo la kuchekwa. Wanaume wa pale walikuwa watu wa maji: kiangazi kaa, kipupwe chaza, na majani yanapochipua, yule samaki mkubwa mwenye mistari myeusi ubavuni ambaye wenyeji humwita Mwamba. Lakini hakuna aliyemcheka Arletta usoni, kwa kuwa wazee walikumbuka. Baba yake alitoka kuvua chaza asubuhi ya barafu, Arletta akiwa bado msichana wa kusukwa nywele na mama yake. Jioni wanaume wawili walikuja wakasimama mlangoni, kofia mikononi. Maiti ilionekana baridi ilipokwisha.

"Mtu wa maji hanioi," aliapa. Akaolewa na Elwood Larrimore, nahodha wa mashua ya kukodi aliyewapeleka wageni kuvua, mwanamume mpole mwenye mabega mapana na masikio yaliyobabuliwa na jua. Moyo hauna mshauri.

Basi yeye akachagua kazi ya nchi kavu. Mezani jikoni alitengeneza miavuli. Si miavuli ya mvua. Ni mbavu nne za waya mzito zilizotandazwa kutoka kwenye kitovu cha madini ya risasi, mfano wa mwavuli ulionyang'anywa kitambaa chake, na kila ubavu unaning'iniza samaki wa mpira. Ukikokotwa nyuma ya mashua, chini kule unaonekana ni kundi la vidagaa linalokimbia, na Mwamba, ambaye ni mroho tena mvivu, humvamia yule wa mwisho anayebaki nyuma. Sheria ya jimbo ilikubali ndoana mbili tu kwa kila mwavuli. Samaki wengine wa mpira walikuwa wa kudanganyia macho. Manahodha wa pande zote za ghuba walikuja kwa Arletta, maana miavuli yake haikusokotana na mafundo yake hayakufunguka.

Kando ya jiko aliweka redio ya mashua. Huku akifunga mafundo aliwasikiliza wanaume wakitaniana na kulalamikia upepo. Sauti ya Elwood ikikawia kusikika, aliacha mafundo. Aliinuka, akakunja taulo ambazo zilikwisha kukunjwa, akazikunjua, akazikunja tena. Elwood akiingia mlangoni jioni ananuka samaki na dizeli, Arletta alimkaripia kwa sababu ya viatu vyake. Hakuwahi kumwambia kwamba ametoka kumzika na kumfufua tangu asubuhi.

Sasa ikawa mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, Dorsey, msaidizi wa Elwood wa siku nyingi, alipanda juu ya paa lake kuziba panapovuja, akaja chini haraka kuliko alivyopanda. Mguu ukavunjika.

"Wageni wako njiani wanatoka Pennsylvania," Elwood alisema kulipopambazuka, akipuliza kahawa. "Kila mwenye mikono hapa kisiwani katoka. Nitakwenda peke yangu."

"Peke yako? Nani ashike usukani ukiwa nyuma na samaki?"

"Mashua inajijua."

Arletta akamwona, kama picha ukutani, ameinama juu ya maji, mgongo kwa usukani, hakuna wa kumtazama. Akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nakuja."

"Unakuja wapi?"

"Majini."

Elwood aliweka kikombe chini. "Mke wangu, wewe hata beseni la kuogea hulijazi."

"Basi nyamaza upesi, kabla sijabadili nia."

Gatini walimwona akija amevaa jaketi okozi, lile la kumweleza mtu majini, kalifunga kamba zote hadi kidevuni. Burley, mvuvi wa kaa mwenye mdomo mrefu, akapaza sauti: "Elwood leo kapakia mizigo miwili, barafu na mkewe!"

"Barafu itayeyuka kwanza, Burley," Arletta alimjibu, akapanda mashuani akishika kila penye kushikika.

Wageni walikuwa wawili, Bwana Kessler, mwalimu wa muziki aliyestaafu, na dada yake Odette, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuja na kikapu cha sandwichi. Walitoka. Maji yalikuwa shwari, rangi ya bati, nayo bado yalikuwa na ubaridi wa kipupwe, ule ambao ukitumbukia humo mikono inakataa kazi hata kabla hujamaliza kuita. Arletta alikaa katikati ya mashua, ameshika mlingoti kwa mikono yote miwili, na kila ubao ulipolia alidhani unaachana na mwenzake.

Elwood alitandaza miavuli nyuma, mmoja mmoja, akaanza kukokota taratibu kando ya njia kuu ya meli, mahali Mwamba wakubwa hupita wakienda kutaga. Kwa muda ilikuwa kama starehe. Odette aligawa sandwichi. Kisha joto la nchi kavu likateremka juu ya yale maji baridi, na ukungu ukaja. Haukuja kwa kishindo. Kwanza ufuko ulipotea, halafu maboya, halafu omo, sehemu ya mbele ya mashua yenyewe, ikawa kama kitu cha kusimuliwa.

"Turudi," Arletta alisema.

"Tunarudi. Nikishavuta mishipi ndani."

Hapo hapo fimbo ya kuvulia ya pembeni ikapinda hadi maji, na gurudumu la mshipi likapiga kelele. Bwana Kessler alirukia fimbo. "Nimempata! Mama yangu, nimepata ng'ombe!"

Samaki alipofika karibu, Elwood alimwita mkewe mbele. "Shika usukani. Shika tu, usiguse kingine." Akaenda nyuma. Alishika kitovu cha mwavuli kwa mkono mmoja ili amsogeze Mwamba kwenye wavu, kama alivyofanya miaka nenda miaka rudi. Samaki akajipinda. Mkia ulipiga maji mara moja tu. Elwood akatoa sauti ambayo Arletta hakuwahi kuisikia, sauti ya mnyama aliyekanyagwa.

Ndoana ya kwanza ilikuwa mdomoni mwa Mwamba. Ya pili ilikuwa imezama kiganjani mwa Elwood, chini ya kidole gumba, hadi kwenye shingo ya ndoana. Na Mwamba, mzito kama mtoto aliyeanza shule, akazama chini ya mashua, akauvuta mkono ule hadi bega likawa nje, kifua cha Elwood juu ya ukingo, uso umeelekea maji. Miguu yake ilianza kuachana na sakafu.

"Mshikeni!" Arletta alipiga kelele. Odette alitupa sandwichi, akamkumbatia Elwood kiunoni, akaketi sakafuni kwa uzito wake wote. Mungu ambariki mwanamke yule na uzito wake.

Arletta aliitoa injini kwenye gia. Ngurumo ikafifia. Na katika utulivu ule ikaja honi, moja, ndefu, nzito, ambayo hukuisikia masikioni bali tumboni. Ilitoka mbele, hapana, ilitoka nyuma, ilitoka kila upande. Alitazama rada. Palikuwa na doa mle, si doa la mashua, doa kama kidole cha mtu kilichobonyeza kioo, nalo lilikuwa likiwajia.

Redio ikafunguka. "Mashua ndogo iliyo mbele yangu kwenye njia ya meli. Mnanisikia?"

Arletta alikuwa amesikiliza redio nusu ya maisha yake bila kuijibu hata siku moja. Alichukua kipaza sauti, akakibonyeza. "Tunakusikia. Mume wangu kanaswa na ndoana."

Mtu yule alijibu polepole, na upole wake ndio uliomtisha Arletta kuliko honi. "Mama, meli yangu ni ndefu. Siwezi kusimama na siwezi kukata kona. Nendeni upande wa macheo, kwenye kina kifupi. Nendeni sasa hivi."

"Nenda!" Elwood aliguna kutoka ukingoni. "Tia gia, Arletta!"

"Nikienda nitakung'oa mkono!"

"Ung'oe! Nitabaki na mwingine!"

Mkono wa Arletta ulikuwa tayari kwenye gia. Alijua pia jambo ambalo Elwood hakulisema: mashua ikiondoka kwa nguvu, mwavuli na samaki na uzito wa maji havitachukua mkono peke yake. Vitamchukua na mwenye mkono. Akaona mlango, na wanaume wawili, na kofia.

Aliacha usukani. Alinyakua koleo la kukatia kwenye sanduku la zana, akakimbia nyuma, akajilaza kifudifudi kando ya mumewe, kichwa na mabega nje ya mashua. Jaketi okozi lilimzuia asifike. Akafungua kamba zake zote, moja moja, vidole vikimtoroka, akalivua. Kisha akajinyoosha tena, na uso wake ukagusa maji. Yalikuwa meusi. Chini kidogo aliuona mwavuli wake mwenyewe ukizunguka, samaki wa mpira wakicheza kwa furaha, na chini zaidi ubavu mpana wenye mistari ukigeuka, ukipotea. Aliingiza mkono hadi begani. Baridi ilimuuma kama meno. Hakuweza kuiona ile kamba fupi kati ya waya na ndoana ya Elwood, akaitafuta kwa kupapasa, na muda wote honi ilikuwa ikilia na alikuwa akisema kwa sauti, bila kujua, "Baba, baba, baba."

Koleo likabana. Kitu kikakatika.

Elwood na Odette walianguka chali, mmoja juu ya mwingine. Kiganjani mwa Elwood alining'inia samaki wa mpira, akichuruzika damu. Mwamba akakata mshipi wa Kessler, akaenda zake na mwavuli mzima.

"Mishipi mingine, kata!" Elwood alimwamrisha Kessler, na mwalimu wa muziki akazunguka na kisu akikata, miavuli yote ikazama. Arletta alikuwa ameshafika kwenye usukani. Alitazama dira, akaigeuza omo upande wa macheo, akasukuma gia hadi mwisho.

Hawakuisikia meli ikija, waliisikia imekwisha fika. Ukungu nyuma yao ukageuka mweusi, halafu ukawa ukuta wa chuma wenye kutu, mrefu kuliko kanisa lolote la kisiwani, ukipita pale walipokuwa. Ulipita, ukapita, haukwisha. Hakuna uso uliochungulia kutoka juu. Kisha wimbi lake likawainua, likawalaza ubavu, maji yakafagia sakafu na kikapu cha Odette kikaenda nayo, na Arletta akabaki amekumbatia usukani, amefumba macho, akingojea.

Mashua ikarudi kukaa sawa. Redioni ile sauti ikasema, "Mama, bado mpo?"

"Tupo," alisema Arletta, kisha akatapika.

Hospitalini Easton, mji wa karibu, daktari alikata ile ndoana akaisukuma itokee upande wa pili. Kidole gumba cha Elwood hakikurudi kuwa na hisia. Aliweza kukishika kikombe cha moto bila kujua. Siku zile Arletta hakuweza kusikia lori likipiga honi barabarani bila kushika ukuta. Alimwambia mumewe, "Mimi basi. Nimekwenda, nimeona, sirudi." Elwood hakumlaumu. Mkono ulipofunga kidonda alitoka na kijana wa kuazima, na Arletta akakaa jikoni na redio yake.

Lakini sasa jikoni hapakukalika. Zamani aliogopa kitu asichokijua sura. Sasa alikijua rangi yake, kutu yake, urefu wake. Kila Elwood aliponyamaza redioni, ule ukuta ulipita katikati ya meza. Alivumilia hadi Ijumaa. Jumamosi alfajiri Elwood alimkuta garini, amekaa, jaketi okozi limefungwa hadi kidevuni.

"Unaogopa?" alimuuliza.

"Hadi meno yananiuma. Washa gari."

Hivyo ndivyo Arletta Larrimore alivyokuwa msaidizi wa mashua, akaifanya kazi hiyo hadi nywele zikawa nyeupe. Usidhani alizoea. Kila asubuhi alitapika nyuma ya kibanda cha barafu kabla ya kupanda, na Burley alimsubiri na bilauri ya maji: "Umemaliza, Bibi Arletta? Haya, karibu vitani." Ukungu ukionekana hata kwa mbali, yeye ndiye aliyesema turudi, na Elwood aligeuza mashua bila ubishi, hata wageni wanune namna gani. Mke kijana wa mvuvi mmoja alimuuliza siku moja woga huisha lini. Arletta alimtazama kwa huruma. "Ukiwa karibu na mumeo, woga unakuwa mdogo kidogo, mwanangu. Kuisha hauishi."

Hatimaye magoti ya Elwood yalikataa, wakaiuza mashua kwa watu wa ng'ambo ya ghuba. Asubuhi ya kwanza isiyo na safari, jua lilipanda, kahawa ikapoa, na Arletta hakuamka. Saa nne ilipita. Elwood alikwenda mlangoni mwa chumba mara kadhaa, akarudi. Mwisho hakuweza kuvumilia. Aliingia kwa kunyata, akainama juu ya kitanda, akaweka kiganja mbele ya pua ya mkewe aone kama anapumua.

Arletta akakoroma.