Katogo na Maziwa ya Kobusingye

Jamani, nichekeni sasa hivi mmalize, maana mtu akiguna katikati nitaona haya upya, na haya hizi nimezibeba tangu enzi za Mwingereza, miguu yangu ilipokuwa bado na nguvu ya kutoka kwetu Nyakatuntu alfajiri na kufika nyikani kwa wafugaji kabla jua halijachoma.

Nilikwenda kwa ajili ya Kobusingye. Nilimwona kanisani siku ya Pasaka, akapita karibu yangu akaacha harufu ya moshi wa majani wanayofukizia vyombo vya maziwa, na mimi mtoto wa wakulima wa kahawa na migomba, tangu siku hiyo nikinusa moshi wowote, hata wa jikoni kwetu, moyo unaruka. Kiangazi kizima nilimuwaza. Napalilia kahawa, namuwaza. Padre anasoma misa kwa Kilatini, namuwaza (Mungu anisamehe). Mwishowe baba mdogo akakubali kunipeleka kwao, si kuposa bado, ni nionekane tu. "Ukiwapendeza, tutarudi na pombe," aliniambia.

Asubuhi ile mama akapika katogo, ndizi na maharage chungu kimoja, akasema safari haiendwi na tumbo tupu. Nikala nikashiba. Sasa, kila mtu wa huku anajua kwamba wafugaji wale hawachanganyi maziwa na maharage tumboni: ukila maharage leo, maziwa huyagusi mpaka kesho, la sivyo ng'ombe aliyeyatoa ataugua kiwele. Nililijua hilo kama nijuavyo Baba Yetu.

Baba yake Kobusingye, Mzee Katungi, alitupokea vizuri, na majirani wakajaa kunitazama. Kisha akaingia Kobusingye mwenyewe na chombo cha mti kimejaa maziwa, akapiga magoti mbele yangu, akauliza taratibu kama desturi yao inavyotaka, "Umekula nini leo?"

Ndugu zangu, kiangazi kizima nilikuwa nikingojea sauti ile inielekee mimi! Nikaona nikiyakataa maziwa nitakuwa nimemkataa yeye mbele za watu. "Sijala kitu," nikasema. Baba mdogo (aliyekula katogo ile ile, bakuli moja na mimi) akakohoa, akasema yeye tumbo linamsumbua, apewe maji tu. Mimi nikanywa yote huku namwangalia juu ya ukingo wa chombo, naye akatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililoniponza. Mzee Katungi aliposema, "Nasikia umesoma kwa mapadre, hebu tupe Kiingereza nasi tusikie," mtu mwenye akili angetoa salamu moja akanyamaza. Mimi nikajigeuza mwalimu. Nikawaambia Waingereza wana neno lao, miksi, maana yake kuchanganya, na neno hilo limetembea kuliko sisi tuliotoka Nyakatuntu: lilianza kwenye Kilatini hiki hiki cha misa, mikstus, yaani kilichochanganywa, likapitia kwa Wafaransa, likaingia Uingereza likiitwa miksti, na Waingereza wakadhani ile ti ya mwisho ni mkia tu wanaoutia kwenye jambo lililokwisha kutendeka, wakaukata, wakabaki na miksi. Yaani neno la kuchanganya limezaliwa na watu waliochanganyikiwa! Majirani wakacheka. Kobusingye, kule mlangoni, akacheka mkono mdomoni, na ningekufa dakika ile ningekufa mtu mwenye heri.

"Na linatumika kwa vitu gani?" mzee akauliza, kavutiwa kweli.

"Kwa chochote, mzee! Unga na maji. Watu wakikaa pamoja wakazoeana. Ng'ombe wako na wa jirani wakikutana mtoni. Hata humu tumboni mwangu sasa hivi, katogo ya mama na maziwa yenu..."

Nikajisikia nikilisema, na halikurudi.

Mama yake Kobusingye akapiga ukelele, "Mawe!" (ndiyo "mama wee" ya kwao), akakimbilia zizini kumshika ng'ombe kiwele. Baba mdogo akainamia maji yake kana kwamba hanifahamu. "Katogo ya maharage?" mzee akauliza polepole. Nikajitetea (mjinga hachoki) kwamba sote hapa tumebatizwa, hayo ni mambo ya kale.

"Mimi nimebatizwa," akasema Mzee Katungi. "Ng'ombe wangu hawajabatizwa."

Nikashikwa mikono na majirani, nikapelekwa nyuma ya boma niyatapike. Nikatia kidole, ikaja kwikwi. Nikatia tena, kwikwi, na watoto wakaanza kuniiga. Mara vyote vikaja kwa pamoja juu ya kanzu nyeupe niliyoazima kwa katekista, na maharage mengine mazimamazima, hata wa mbali aliyaona. Kunawa kwenye birika la ng'ombe nikakatazwa. Baba mdogo alikwisha kutangulia njiani.

Aliyeniletea maji ya kunawa alikuwa Kobusingye. Alinimiminia kutoka kwenye kibuyu, macho chini.

"Ungesema tu kwamba umekula," alisema. "Ningekupa maji, nawe ungekuwa na sababu ya kurudi kesho kunywa maziwa. Nilitaka urudi."

Hatukurudi na pombe. Kobusingye aliolewa na mfugaji mwenzao upande wa Murongo, nami nikaoa, nikazaa, na mke wangu sina la kumlaumu. Ila niliapa, na kiapo nimekishika: mtu akiniuliza nimekula nini, namtajia kila kitu mpaka chumvi, wengine wananiona nimerukwa na akili. Nikimaliza kutaja, nangoja kuambiwa nirudi kesho.