Posa ya Baiskeli

Kila nikija Gitega kuwaona wanangu huku mtaa wa Yoba, wajukuu wananicheka. Wanasema bibi akipiga simu nyumbani Giteranyi anaulizia baiskeli kwanza, ndipo babu. Ni kweli. Babu ana miguu yake.

Baiskeli ile tulirudi nayo kutoka Tanzania. Kule kambini kwa wakimbizi ndiko nilikojifunzia kuiendesha, nikiuza maandazi. Tulipofika nyumbani, mume wangu akasema inauzwa, tununue ndama dume.

"Mwanaume bila ng'ombe ni nani?"

"Ndama habebi maandazi sokoni," nikamwambia.

Akasema shauri limekwisha, mnunuzi anakuja kesho kutwa. Mihogo yetu ilikuwa bado midogo kama vidole. Bila soko tungekula nini, kwato?

Sikubishana. Pombe yangu ya ndizi ilikuwa imeshachacha, tamu, inanukia mpaka barabarani. Sasa kwetu, mtu haombi kitu kikubwa mkono mtupu. Unabeba mtungi, unakuja na msemaji, na mwenye nyumba anauliza kwanza mtungi umeleta neno gani. Akinywa kabla ya kuuliza, basi, ameshakubali.

Kesho yake nikamchukua wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke wa mdomo, pamoja na majirani wawili. Mtungi mbele, mimi nyuma nimeinamisha kichwa kama bwana harusi mwenye haya. Mume wangu alikuwa ametoka kulima, koo kavu. Akavuta kigoda, akavuta mrija, akavuta pombe. Alipokwisha kushusha pumzi ndipo akauliza, "Haya dada, mmeleta neno gani?"

Wifi akasimama, akajikohoza kizee. "Kaka, tumesikia kwako kuna binti. Mwembamba, hali, hanywi, ukimgusa anaitika. Tumekuja kumposa."

"Binti gani? Wangu bado ana meno ya maziwa."

"Yule aliyeegemea ukuta."

Akageuka. Ukutani iko baiskeli peke yake. Jirani mmoja alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Na bwana harusi ni nani?"

"Mimi," nikasema.

Akautazama mrija, akanitazama mimi. Kisha akakunja mikono, akatoa kifua kama baba mkwe.

"Binti yangu ametoka mbali. Simtoi bure. Inkwano iko wapi?"

"Mahari ni ndama wako dume," wifi akajibu. "Maandazi yatamleta."

"Na yasipomleta?"

"Utarudishiwa binti na matairi yake."

Akavuta tena mrija, safari hii akijua anachokunywa.

Mnunuzi alipofika asubuhi, mume wangu alimwambia, "Umechelewa, ameshaolewa." Mimi nilikuwa nateremka mlima, kitenge kimefungwa magotini, beseni la maandazi limekazwa nyuma, napiga kengele hata pasipo na mtu. Mbuzi walinipisha. Padri alinipisha.

Fedha za maandazi zilipotimia, ndama alikuja, mimi mwenyewe nikimvuta kwa kamba mkono mmoja na kusukuma baiskeli mkono wa pili. Mume wangu akamkagua meno kama mkwe mwenye choyo, akatangaza inkwano imetimia.

Tangu hapo hakuna kitu kinachouzwa kwetu kabla hatujakaa wawili na mtungi. Na siku hizi anauliza kwanza, ndipo anywe.