Naomba Nitoke

Sare ilifika nyumbani kwetu Nyamiaga kabla shule hazijafunguliwa, na hilo lilikuwa kosa langu. Binti yangu, anayekaribia miaka mitano, aliivaa sketi ile ya bluu kwenda kumfungua mbuzi. Akaivaa kuchambua maharage. Nilipomvua, alikaa kizingitini na kaptula ya ndani, ameikumbatia sketi yake kama mtu anayetishiwa kunyang'anywa shamba. Fundi alikuwa ameacha pindo pana, la kufumuliwa kadiri mtoto anavyorefuka, na kila asubuhi binti yangu alilipima kwa kidole kuona kama amekua.

"Leo ndiyo shule?"

"Bado."

"Hata kidogo?"

Mimi mwenyewe nilikuwa na haraka kama yeye, ila furaha yangu ilikuwa na mwiba. Mwalimu wa darasa la awali ametoka mkoa wa mbali na Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, hakijui. Watoto wetu nao wanafika kwake na Kihangaza tu. Mwaka uliopita mtoto wa jirani alibanwa na haja darasani, akakosa la kusema, akajilowesha. Wenzake walimcheka. Kesho yake aling'ang'ania mgomba, akapiga kelele hadi mama yake akakata tamaa, na mwaka mzima ukapita akiwa nyumbani.

Mume wangu anafanya kazi Biharamulo na hurudi mwisho wa mwezi. Nilipomweleza kwa simu, alisema, "Mfundishe kuomba ruhusa. Hizo a, e, i, o, u atazikuta hukohuko."

Nikaanza. Nilikaa kwenye kigoda uani, nikajifunga kitenge vizuri, nikawa mwalimu. Yeye alikaa kwenye mkeka, akawa darasa. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Mwalimu, naomba nitoke." Nilimtamkia, nikamtaka arudie. Alitazama chini, akatafuna kola ya shati. Nikarudia. Akageuza uso kabisa, akaangalia kuku.

Niliamini hajashika maneno. Lakini jioni nilimsikia nyuma ya nyumba akimwambia mbuzi, tena kwa sauti ya kutosha, "Mwalimu, naomba nitoke." Maneno alikuwa nayo. Kilichomshinda ni kuyasema mbele ya mtu mzima.

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye amemlea binti huyu mgongoni nikiwa shambani, alikuwa akifuatilia masomo yangu kutoka jikoni. Siku ya tatu alitoka na mwiko mkononi. Nyumbani tunaongea Kihangaza, na katika lugha hiyo hamwonei mtu aibu.

"Unamtesa mtoto," alisema. "Mtoto mwenye adabu hamwanzi mkubwa kuongea. Anangoja aulizwe. Na mambo ya chooni hayatangazwi. Mtu anainuka kimya, anakwenda, anarudi."

"Mama, shuleni akiinuka kimya ataambiwa akae."

"Basi huyo mwalimu hakulelewa."

"Amelelewa, mama. Ana watoto wengi, anataka kujua nani ametoka."

Alifikiri, mwiko ukidondosha maharage kwenye vumbi. Niliona kwamba tatizo amelielewa vizuri kuliko mimi, kwa sababu adabu hiyo aliipanda yeye na ilikuwa imeota mizizi. Hatimaye akasema, "Siku ya soko niachie mimi mtoto."

Mama mkwe hakusoma. Kiswahili chake chote amekiokota sokoni Ngara mjini, akiuza maparachichi na ndizi, na hadi leo ndicho Kiswahili cha kununua na kuuza. Shambani hakimfai, kanisani anakitumia kidogo, lakini mbele ya biashara hakuna anayemweza. Nilibeba tenga la maparachichi, nikawafuata ili nione.

Alipokwisha kupanga mafungu yake juu ya kiroba, alimwambia mjukuu wake, "Shule wanakunywa uji. Huna kikombe. Nenda kwa yule baba wa vyombo ukachague." Akampa pesa iliyokunjwa kwenye pindo la kitambaa.

Mtoto alikwenda, akasimama mbele ya vikombe, mikono nyuma. Muuzaji alikuwa anahudumia wengine. Binti yangu alingoja aulizwe. Watu walikuja, wakanunua, wakaondoka, naye bado anangoja, hadi akarudi mikono mitupu, midomo imeanza kutetemeka.

Bibi yake hakumbembeleza. "Sokoni anayenyamaza anarudi na mzigo wake," alimwambia. "Pale si kwa mkubwa. Pale ni kwa muuzaji. Mwamkie, kisha sema shida yako. Akikataa, sema tena."

Safari hii nilisogea karibu, nikajificha nyuma ya mtu wa mitumba.

"Shikamoo!" Sauti ilitoka kubwa mno, hata yeye ikamshtua.

"Marahaba, mchumba," muuzaji alisema. "Unataka nini?"

"Kikombe. Chekundu."

Akatajiwa bei. Binti yangu hakujua bei hiyo ni kubwa au ndogo, lakini alijua linalofuata, maana kila siku ya soko alilisikia kwa wateja wa bibi yake. "Punguza."

"Nipunguze? Wewe ndiye umekuja kunifungia duka leo?"

"Punguza, baba. Tumetoka mbali."

"Mbali wapi?"

"Nyamiaga."

Wanawake wa dagaa waliokaa jirani waliangua kicheko, maana Nyamiaga ni pua na mdomo na mjini. "Mpunguzie, mchumba wako amechoka na safari!" mmoja alipiga kelele. Muuzaji akapunguza, akaongeza na kijiko cha plastiki. Binti yangu alirudi akikimbia, kikombe amekiinua juu, na siku ile yote hakunyamaza. Alimwamkia kila aliyepita. Alipunguziwa hata sindano ambayo hatukuihitaji.

Asubuhi ya shule aliamka kabla ya jogoo. Kichwa nilikuwa nimemnyoa jana yake, kinang'aa kwa mafuta. Njiani matope yalikuwa mengi na alikataa kubebwa, akaruka madimbwi akishika sketi kwa mikono miwili. Mama mkwe alikuja pia, amevaa nguo ya Jumapili.

Wazazi tuliambiwa tunaweza kusubiri nje kidogo. Tulijipanga chini ya dirisha kama tunaosubiri chanjo. Mwalimu, dada mwenye sauti tamu, aliwapanga watoto na kuanza kuwaimbisha wimbo wa vidole. Binti yangu alikuwa mstari wa pili. Aliimba. Kisha akaacha kuimba. Nikaona magoti yakikutana.

Ninalijua tendo hilo. Nilishika mkono wa mama mkwe, naye akaubana wangu. Mtoto alitazama chini. Akatafuna kola. Mwalimu akaendelea na kidole cha tatu.

"Mwalimu!"

Wimbo ulikatika.

"Naomba nitoke."

"Vizuri sana, mama. Subiri kidogo tumalize wimbo."

Magoti yalibanana zaidi. Kisha, kwa sauti ileile ya kwenye vikombe: "Punguza, mwalimu."

"Nipunguze nini?"

"Wimbo."

Nje tulishindwa kujizuia. Mama mmoja alikaa chini kabisa kwa kucheka. Mwalimu mwenyewe alijiziba mdomo kwa daftari, mabega yakitikisika. "Haya, nimepunguza. Nenda, uwahi."

Alitoka mbio, akatupita bila kututazama. Ndani, watoto waliobaki walikuwa wamejifunza kitu. Mmoja aliinuka akasema, "Mwalimu, punguza!" Mwingine akafuata. Kabla mwalimu hajajua afanye nini, foleni ndefu ya watoto wanaotaka kupunguziwa wimbo ilikuwa inaelekea mlangoni, mmoja wao tayari anashika kaptula.

Binti yangu alirudi akikung'uta maji mikononi, sketi kavu. Nilitaka kumkumbatia. Alisimama mbele yangu akanikagua juu hadi chini, kisha akaninong'oneza kwa Kihangaza, asisikike na wenzake:

"Bado upo? Nenda. Mwalimu akiniuliza mama yako anasubiri nini, nitamwambia nini?"

Akageuka, akaingia darasani, akawapita wenzake waliokuwa bado wanagombania mlango.