Malazi ya Mtu na Mama Mkwe Wake

Januari hutengeneza makarasha, zile mashine za kuponda mawe ya dhahabu, pale Katoro. Karasha likigoma huliinamia, akalisikiliza, kisha akasema kilichokufa ni beringi au ni mkanda, na ni nadra kukosea. Lakini katikati ya mwaka huu aliangukiwa na kazi isiyo na mlio wa kusikiliza: kutafuta mahali pa kulala ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rubondo, yeye, mkewe Lusia, na mama mkwe wake, Bibi Zipora.

Safari ilikuwa ya Bibi Zipora. Alizaliwa kisiwani humo, Mzinza wa ziwani, na alikuwa bado binti mdogo wakazi walipohamishwa, kisiwa kikaachiwa wanyama. Hakuwahi kurudi. Sasa macho yalikuwa yanamzimika. La kushoto limekwisha, na la kulia daktari hakulipa muda mrefu. Akamwambia bintiye kwamba anataka kulala Rubondo usiku mmoja na kuamka huko, aone kunavyokucha. Hakuomba jingine.

Januari alikubali kabla sentensi haijaisha. Kilichofuata ndicho kilichomvuruga. Yeye ni Msukuma wa Maganzo, na kwa malezi yake, kama kwa malezi ya akina Lusia, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemeshani ovyo, na hawalali chini ya paa moja. Bibi Zipora alipokuja Katoro kumuuguza mjukuu wake Klara, Januari alihamia karakana, akalala juu ya magunia mpaka bibi alipoondoka. Hakuna jirani aliyeshangaa. Karakana ina paa lake.

Rubondo ina mapaa gani? Hilo hakulijua.

Alikwenda Geita mjini, kwenye duka anakonunua mikanda na beringi. Mwenye duka ni Mzee Dilip, na kwenye kona, nyuma ya kabati la boliti, binti yake Sneha ana meza ya wakala wa safari.

"Shikamoo, fundi. Karasha limekufa tena?"

"Marahaba. Leo nataka pa kulala Rubondo."

Sneha alivuta kiti. "Safi. Bajeti yako ikoje?"

"Kwanza niambie mapaa."

"Mapaa?"

"Ndiyo. Yamekaaje."

Sneha alimtazama, kisha akaamua kuanza na bei, toka chini kwenda juu, kama alivyozoea. Cha rahisi kabisa ni kupiga hema. Kisha kuna hosteli. Ni ya wanafunzi, lakini nafasi ikiwepo hata familia hupokelewa. Ni bweni, lina vitanda vya ghorofa.

"Mama mkwe atalala wapi?" Januari aliuliza.

"Chini. Umri umekwenda, hawezi kupanda ngazi."

"Na mimi?"

"Wewe juu yake."

Januari akainamisha kichwa kama mtu aliyevuliwa suruali sokoni. Toka nyuma ya kaunta Mzee Dilip akakohoa. "Sneha, hilo la mama mkwe lisemee polepole. Huyu ni mkwe wa watu."

Sneha akahamia kwenye mabanda ya hifadhi. Banda moja lina vyumba viwili, kila chumba na mlango wake na choo chake. Wafanyakazi wa serikali na wachungaji huyapenda sana.

"Na paa?"

"Paa ni moja, fundi. Nani anaezeka mapaa mawili juu ya nyumba moja?"

"Hema je, lina paa?"

"Lina turubai."

Januari akafikiri juu ya turubai kwa muda mrefu. Wachimbaji hulala chini ya maturubai, wake kwa waume, na yeye hakuwahi kujiuliza kama lile ni paa au ni nguo kubwa tu. Akatoka dukani bila kukata shauri, na hata beringi aliyokuwa akiihitaji akaisahau.

Jioni akampigia simu Fredy, shemeji yake, anayeendesha mtambo kwenye mgodi mkubwa na kulipwa vizuri.

"Shemeji, unajitesa bure. Kuna ile kambi ya kifahari upande wa pili wa kisiwa. Kila chumba kimesimama peke yake kama mfalme. Mama nitamlipia mimi."

"Na dada yako?"

"Nyie mtafute cha saizi yenu."

Lusia alikuwa anasikia. "Mwambie mama haoni njia," alisema. "Atakaa peke yake huko, ahudumiwe uji na mtu aliyevaa glavu?"

Wazo la Fredy likafia hapo. Januari akabaki na swali moja. "Mama Klara, yeye mwenyewe anasemaje? Anataka wapi?"

"Nimemuuliza. Anasema popote."

Popote ndilo jibu la adabu. Mkwe akikupa kitu hupokei kwa kuchagua, na mkwe naye hakuulizi mara mbili. Wote wawili walifanya vizuri kabisa kama walivyofunzwa.

Mwishowe Januari alilipia vyumba vyote viwili vya banda, ili asije mgeni mwingine akalala ukuta kwa ukuta na bibi, na yeye akajilipia eneo la hema. Sneha alimtazama akiweka saini. "Ulikuja na bajeti ya hosteli. Unaondoka na banda zima na hema, watu watatu."

"Ndiyo," alisema Januari, ambaye naye hakuelewa.

Walivuka kwa boti toka Kasenda, Januari mbele kabisa, mgongo kwa wanawake. Gatini walipokewa na askari wa hifadhi, kijana aitwaye Abel. Akawapa funguo za banda, kisha akamwambia Januari kwamba kwenye mahema ni mbali kidogo, huendi kwa miguu kwa sababu ya viboko na tembo. Atampeleka kwa gari na kulinda huko.

"Ni kule kwenye rasi yenye mikuyu," Abel alisema. "Zamani palikuwa na kijiji. Mawe ya kusagia bado yapo."

Bibi Zipora alikuwa amekaa juu ya mizigo, khanga imemfunika nusu ya uso. Akageuka.

"Lusia, muulize huyo kijana, jabali jeusi lipo, linaloingia majini?"

"Lipo, bibi," Abel alijibu mwenyewe. "Fisi maji huota jua pale."

Bibi akamshika Lusia mkono. "Hapo ni kwa baba yangu. Mwambie mwenzio nitalala huko."

Januari alikuwa hatua chache tu, amewapa kisogo. Alisubiri mkewe amfikishie. "Mwambie Mama nimemlipia chumba chenye kitanda na choo ndani."

"Mwambie nimesikia. Kitanda ninacho nyumbani."

"Mbona alisema popote?" Januari alimuuliza mkewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Alikuwa anakuheshimu," alisema Lusia. Akachukua hema toka begani mwa mumewe.

Abel alitazama karatasi zake, akamtazama bibi, akafungua mlango wa gari. Akaondoka na bibi na Lusia. Januari alibaki na funguo mbili. Akafungua chumba cha kwanza, akaona shuka nyeupe, akafunga. Akafungua cha pili, shuka zilezile. Hakukumbuka ni kipi alikusudia mama mkwe alale, na asingependa kulala humo kwa bahati mbaya. Akatandika koti lake kibarazani.

Asubuhi gari lilirudi na Lusia peke yake.

"Ameona?" Januari aliuliza.

"Ameona. Jua lilitokea nyuma ya lile jabali. Bado amekaa, hataki kutoka. Wewe ulilala chumba gani?"

"Kibarazani."

Lusia akainua macho. Mabati yalikuwa yamechomoza mpaka juu ya kibaraza. "Na hili nalo ni paa lipi?"

Januari alilitazama pia. Kisha akashuka gatini kumwomba mwenye boti asiondoke kabla ya bibi.